Majibu ya Kipimo cha Asidi Amino: Kwa Nini Jinsia na Aina ya Sampuli ya Damu Hubadili Namba

Mtoto haongezeki uzito. Miguu imeanza kuvimba, au nywele zimekuwa nyepesi na zimebadilika rangi. Au ana selimundu na kila baada ya muda anapungukiwa damu. Umetoka naye Malampaka mpaka hospitali kubwa, damu imechukuliwa, na baadaye unapewa karatasi yenye majina magumu: lusini, arginini, glisini. Mbele ya kila jina kuna namba, na pembeni imeandikwa "juu" au "chini".

Ni rahisi kuogopa. Ni rahisi pia kukutana na mtu atakayekuambia kwamba namba hiyo inatibika kwa kopo la unga wa protini au chupa ya dawa ya maji anayoiuza yeye.

Kabla hujaogopa na kabla hujatoa pesa, fahamu jambo moja: namba hiyo haielezi mwili wa mtoto peke yake. Imebeba pia habari ya nani aliyepimwa, alikula lini, damu ilitolewa wapi, iliwekwa kwenye kichupa gani na ilikaa muda gani kabla ya kufika kwenye mashine. Makala hii inaeleza mambo hayo ili ujue maswali ya kuuliza.

Asidi amino ni nini?

Protini tunayokula kwenye maharage, maziwa, dagaa au yai haitumiki mwilini kama ilivyo. Tumbo na utumbo huivunja kuwa vipande vidogo. Vipande hivyo ndivyo asidi amino. Mwili huvichukua na kuviunga upya kujenga misuli, ngozi, damu na kinga.

Zipo asidi amino 20 zinazojenga protini za mwili. Kati ya hizo, 9 mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Ndiyo maana mtoto anayeshiba ugali wa mahindi, viazi vitamu au udaga bila mboga ya maana anaweza kuwa na tumbo lililojaa na bado mwili ukakosa vifaa vya kujengea.

Kipimo cha asidi amino huangalia ni kiasi gani cha kila moja kinazunguka kwenye damu. Si kipimo cha zahanati. Kwa kawaida madaktari bingwa hukiagiza wanapohisi ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kutumia asidi amino fulani, na watafiti hukitumia kuchunguza lishe na magonjwa kama selimundu.

Seramu na plazma: damu ileile, majibu tofauti

Ukiacha maziwa yagande, maji hujitenga na sehemu nzito. Damu nayo ikiachwa kwenye kichupa kisicho na dawa huganda, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano. Maji hayo huitwa seramu. Mara nyingi kichupa chake kina kifuniko chekundu au cha manjano.

Damu ikiwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, kama heparini (kifuniko cha kijani) au EDTA (kifuniko cha zambarau), haigandi. Mashine huizungusha kwa kasi, chembe zikashuka chini, na maji yanayobaki juu huitwa plazma.

Kwa macho vitu hivi viwili vinafanana. Kwenye kipimo havifanani. Wakati damu inaganda, chembe zake, hasa chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, humwaga baadhi ya vilivyomo ndani yake. Ndiyo maana asidi amino nyingi huonekana ziko juu zaidi kwenye seramu kuliko kwenye plazma ya mtu yuleyule, iliyotolewa saa ileile. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha seramu na plazma za watu 377, ulionyesha hivyo kwa vitu vingi vilivyopimwa, asidi amino zikiwemo.

Maana yake kwako ni hii: kama mwezi wa kwanza mtoto alipimwa kwa plazma na mwezi wa tatu akapimwa kwa seramu, namba ikipanda huwezi kusema mtoto amepona. Huenda kilichobadilika ni kichupa tu.

Damu ya kidole, ya kisigino na ya mshipa

Akina mama wengi wanakifahamu kipimo cha tone la damu linalodondoshwa kwenye karatasi maalumu na kuachwa likauke. Hutumika kuwapima VVU watoto wachanga waliozaliwa na mama mwenye maambukizi, na kwingine duniani hutumika kuwapima watoto wachanga magonjwa ya kurithi ya asidi amino. Njia hiyo ya karatasi ilianzishwa na daktari Mmarekani Robert Guthrie mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili kugundua mapema ugonjwa ambao asidi amino iitwayo fenilalanini hujaa mwilini na kuharibu ubongo wa mtoto.

Tone kwenye karatasi ni damu nzima, pamoja na chembe nyekundu. Plazma haina chembe hizo. Kwa sababu hiyo namba ya fenilalanini inayotoka kwenye tone kavu huwa chini kuliko ile ya plazma. Mtoto aliyepimwa kwa karatasi na kisha kwa damu ya mshipa hawezi kulinganishwa moja kwa moja na yeye mwenyewe.

Jambo jingine ni namna ya kutoa. Kidole kikiminywa sana, chembe nyekundu hupasuka na majimaji ya nyama huchanganyika na damu. Damu inayotoka yenyewe bila kukamuliwa hutoa majibu ya kuaminika zaidi. Kupasha joto mguu au mkono wa mtoto kwa kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kutoboa husaidia damu kutiririka.

Kuhusu wingi wa damu, usiwe na hofu. Kiasi kinachohitajika kwa kipimo hiki kwa kawaida hakifiki kijiko kimoja cha chai.

Joto, safari na muda wa kusubiri

Damu ikishatoka mwilini haitulii. Chembe zake zinaendelea kufanya kazi ndani ya kichupa. Ikikaa muda mrefu kwenye joto kabla ya kutenganishwa, asidi amino iitwayo glutamini hupungua na nyingine iitwayo glutamati huongezeka. Mtu akisoma majibu bila kujua habari hiyo, ataona upungufu ambao mgonjwa hakuwa nao.

Kwa sisi tunaoishi mbali na maabara kubwa, jambo hili lina uzito. Sampuli inayotoka Malampaka, Maswa au Bariadi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, inapaswa kutenganishwa mapema na kusafirishwa kwenye baridi. Ikiwezekana, ni afadhali mtoto mwenyewe aende damu ikatolewe karibu na mashine kuliko damu kusafiri juani.

Mvulana na msichana, baba na mama

Kwamba jinsia hubadili majibu ya damu si jambo geni kwa mama aliyewahi kuhudhuria kliniki. Kwa wingi wa damu, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanaume mzima amepungukiwa akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, lakini mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12. Namba 12.5 ni tatizo kwa baba na si tatizo kwa mama.

Asidi amino nazo ni hivyo. Kwa watu wazima, wanaume kwa kawaida huwa na lusini, isolusini na valini nyingi zaidi kwenye damu. Asidi hizi tatu zinahusiana sana na misuli. Wanawake kwa kawaida huwa na glisini nyingi zaidi. Homoni pia zina mchango: baadhi ya asidi amino hushuka katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, na katika ujauzito nyingi hushuka tangu miezi ya mwanzo, kwa sababu mwili unajenga mtoto na damu yenyewe inaongezeka maji. Mama mjamzito akipimwa kwa viwango vya mwanaume anaweza kuambiwa ana upungufu ambao ni hali ya kawaida ya ujauzito.

Kwa watoto wadogo mambo ni tofauti kidogo. Kabla ya kubalehe, tofauti kati ya mvulana na msichana ni ndogo. Kinachobadili namba zaidi ni umri. Mtoto mchanga ana viwango vyake, wa mwaka mmoja vyake, wa miaka kumi vyake. Tofauti za jinsia hukua kuanzia balehe.

Kwa hiyo karatasi ya majibu ya mtoto inapaswa kuwa na viwango vya kulinganishia vya umri wake. Ukiona imeandikwa "mtu mzima", uliza.

Hapa tuongeze neno kuhusu sahani ya chakula. Kuwa na namba tofauti kwenye damu hakumaanishi kwamba binti anahitaji chakula duni kuliko kaka yake. Wala mvulana si mgumu kuliko dada yake: uchambuzi wa takwimu za nchi 10 za Afrika kusini mwa Sahara uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wavulana wa chini ya miaka 5 ndio waliodumaa zaidi kuliko wasichana. Wote wawili wanahitaji yai, maziwa na kunde.

Alikula saa ngapi?

Baada ya mlo wenye protini, asidi amino kwenye damu hupanda kwa saa kadhaa kisha hushuka. Mtu mzima kwa kawaida huambiwa asile usiku kucha kabla ya kipimo. Mtoto mchanga hawezi kuvumilia hivyo, naye hupimwa saa chache baada ya kunyonya, kabla ya mlo unaofuata. Usimfungishe mtoto kwa uamuzi wako. Fuata muda uliopewa, na useme ukweli kama alinyonya au alikula njiani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akikaa na njaa muda mrefu, sukari yake inaweza kushuka kwa hatari.

Funzo kutoka Mulago, Kampala

Afrika Mashariki ina historia kubwa kwenye kipimo hiki. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokuwa Mulago, Kampala, walikuwa wakitafuta njia ya kugundua kwashakoo (unyafuzi) kabla mtoto hajavimba. Mwaka 1964 mtafiti Mwingereza Roger Whitehead alichapisha njia rahisi iliyohitaji damu kidogo tu. Aligawanya asidi amino katika makundi mawili: zile ambazo mwili unaweza kuzitengeneza na zile zinazotoka kwenye chakula. Kwa mtoto mwenye kwashakoo kundi la pili hushuka sana, na uwiano wa makundi hayo hupanda.

Lilikuwa wazo zuri, na lilifundisha mengi. Lakini ilipojaribiwa sehemu mbalimbali, mipaka yake ilionekana. Namba ilibadilika kulingana na kile mtoto alichokula siku za karibuni. Na mtoto aliyekonda kwa nyongea, mifupa ikionekana, mara nyingi uwiano wake haukupanda, ingawa alikuwa mgonjwa sana. Damu peke yake haikuweza kuwa mwamuzi.

Mwaka 2016 utafiti mwingine, wa watoto 313 wa vijijini Malawi wenye umri wa miezi 12 hadi 59, ulionyesha kwamba waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote 9 za lazima. Tafiti hizo zinatusaidia kuelewa kundi la watoto waliopimwa kwa namna moja, kwa kichupa cha aina moja. Kumwamulia mtoto mmoja kwa namba moja ni jambo jingine.

Selimundu na arginini

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia karatasi za damu kavu za watoto wachanga kutoka mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na takribani 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe.

Katika selimundu, chembe nyekundu hupasuka ndani ya mishipa. Ndani ya chembe hizo kuna kimeng'enya kiitwacho arginasi, ambacho hula asidi amino ya arginini na kuigeuza kuwa ornithini. Mwili hutumia arginini kutengeneza hewa inayolegeza mishipa ya damu. Kwa hiyo mgonjwa wa selimundu mara nyingi huwa na arginini ya chini kweli.

Lakini sasa angalia: chembe nyekundu zikipasuka kwenye kichupa, kwa sababu kidole kiliminywa sana au kichupa kilitikiswa, arginasi hiyohiyo hutoka na kufanya kazi ileile. Arginini hushuka, ornithini hupanda. Namba haiwezi kukuambia kama upasukaji ulitokea ndani ya mtoto au ndani ya kichupa. Mtaalamu wa maabara anaweza, kwa sababu seramu au plazma yenye chembe zilizopasuka huwa nyekundu au ya waridi badala ya manjano. Sampuli ya namna hiyo inatakiwa kurudiwa.

Je, basi mtoto wa selimundu anunuliwe arginini? Swali hilo limejaribiwa hapa Tanzania. Watafiti katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, waliwapa watoto 119 wenye selimundu lishe ya nyongeza, kwa zamu: ya kawaida, na iliyoongezwa arginini na sitrulini. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba iliyoongezwa asidi amino haikuishinda ya kawaida katika vipimo vikuu vya utafiti. Kabla ya kutoa pesa kununua kopo la asidi amino, kumbuka matokeo hayo.

Namba ikiwa chini, usikimbilie kumjaza protini

Hapa ndipo kosa linaweza kugharimu maisha. Mtoto aliyevimba miguu kwa kwashakoo ana upungufu, lakini ini, figo na moyo wake vimedhoofika. Ndiyo maana hospitalini huanza na maziwa ya tiba F-75, yenye gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100. Akitulia ndipo hupewa F-100 au chakula dawa. Kumlisha nyama, mayai au unga wa protini kwa wingi nyumbani ili "kupandisha namba" kunaweza kumzidishia hali.

Vipimo unavyoweza kuvipata karibu

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, vipimo vitatu vya bei nafuu humsaidia kuliko kipimo cha asidi amino:

- Utepe wa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 (nyekundu) ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 (njano) ni utapiamlo wa kadiri.
- Kubonyeza miguu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, mtoto ana uvimbe, mpeleke kituoni siku hiyohiyo.
- Uzito na urefu kwenye kadi ya kliniki. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006 ni tofauti kwa mvulana na kwa msichana. Hakikisha anachorewa kwenye chati ya jinsia yake.

Kwa mtoto ambaye si mgonjwa, tumia vilivyopo shambani na sokoni. Mahindi na mtama vina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Choroko, dengu na maharage vina laisini ya kutosha. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Ongeza dagaa waliosagwa, karanga, maziwa au yai unapopata. Choroko na dengu tunazolima Simiyu zisiende zote kwa mnunuzi, zibaki na za mtoto. Mtoto wa chini ya miezi 6 maziwa ya mama pekee yanamtosha.

Maswali ya kuuliza ukipewa majibu

Una haki ya kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu. Unaweza kusema, "Daktari, naomba unieleweshe":

1. Damu iliyopimwa ni seramu, plazma au tone kavu? Safari iliyopita ilikuwa ipi?
2. Viwango vilivyotumika ni vya umri na jinsia ya mwanangu?
3. Je, chembe zilipasuka au sampuli ilichelewa kutenganishwa?
4. Muda aliokula mara ya mwisho uliandikwa?
5. Je, majibu yanalingana na hali yake mwenyewe, au kipimo kirudiwe?

Tunza karatasi zote za zamani pamoja na kadi ya kliniki. Ukienda hospitali nyingine, nenda nazo.

Usisubiri majibu ya damu ukiona haya

Miguu au uso umevimba, mtoto hawezi kunyonya au kula, anatapika kila kitu, amelegea au anapoteza fahamu, ana degedege, anapumua kwa shida, au viganja na macho yamekuwa meupe ghafla. Kwa mwenye selimundu ongeza homa, maumivu ya kifua na tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto. Mpeleke kituo cha afya mara moja, mchana au usiku.

Makala hii ni ya kukuelimisha na haichukui nafasi ya mtoa huduma aliyemwona mtoto wako.